Volti 5 kwenye pini ya ESP32: siku simu iliposema tangi limejaa

Leo tunaweka pembeni kantangaze na mbolea, tunaingia kwenye waya. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameacha kazi yake. Subirini kwanza niwaambie nilichokiona Magu.

Kijana mmoja ana robo tatu ya ekari ya nyanya, si mbali na ziwa. Pampu ya sola inavuta maji, inajaza simtank la lita 5,000 lililowekwa juu ya mnara, na kutoka hapo maji yanashuka yenyewe kwenye mipira ya matone. (Kibali cha kutumia maji anacho, kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Ninyi je?) Kwenye mfuniko wa tangi amefunga sensa inayotoa sauti tusiyoisikia na kupima muda mpaka mwangwi wake urudi kutoka kwenye maji, ile inayouzwa kwa jina la JSN-SR04T. Bodi ya ESP32 inasoma sensa hiyo. Maji yakishuka inawasha pampu, yakijaa inazima, na kila saa inamtumia taarifa kwenye simu. Mfumo ulikwenda vizuri wiki tatu.

Mwezi wa tisa akaenda Mwanza mjini siku nne kufuatilia wanunuzi. Kila alipofungua simu aliona tangi asilimia 100. Akafurahi. Aliporudi akakuta tangi kavu, udongo umepasuka kando ya mipira, na maua yamedondoka. Akamwagilia kwa nguvu siku ileile, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Siku kadhaa baadaye nikafika, na nilichokiona kila mkulima wa nyanya anakijua: matunda mabichi yana doa jeusi chini, kuoza kitako. Maji yakikatika halafu yakaja mengi kwa ghafla, tunda halipati kalisi yake sawasawa hata kama kalisi ipo kwenye udongo. Mchumo wa kwanza karibu wote ulikwenda kwa nguruwe wa jirani.

Pampu ilikuwa nzima, sola nzima, hata sensa ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimeharibika ni pini moja ya bodi. Na mchoro wa kuunganisha waya nilimpa mimi.

Nilikosea wapi

Mchoro wangu ulikuwa wa Arduino Uno. Yeye akanunua ESP32 kwa sababu ina waifai, na wote wawili tukaona bodi ni bodi. Haikuwa hivyo. Uno inafanya kazi kwa volti 5. ESP32 inafanya kazi kwa volti 3.3. Sensa yake inalishwa volti 5, na ule waya wake wa majibu, ulioandikwa ECHO, nao unatoa volti 5. Kwenye Uno hakuna tatizo. Kwenye ESP32 ni kupiga pini ngumi ndogo kila sensa inapojibu, mchana na usiku, wiki tatu.

Fikiria mipira yako ya matone. Imetengenezwa kwa presha ndogo ya tangi lililoinuliwa mita mbili tatu. Ukiiunga moja kwa moja kwenye pampu inayosukuma maji mita 40 kwenda juu, haitapasuka yote dakika ileile. Kiungio kimoja kitalegea leo, kesho mpira mmoja utachanika, na wewe utaendelea kusema mbona unafanya kazi. Volti ni presha. Pini ni mpira.

Sasa tuseme namba, maana hapa ndipo watu wanaposikia maneno ya jumla wakaondoka bila kitu. Watengenezaji wa ESP32 wanasema volti inayoingia kwenye pini isizidi volti ya chipu yenyewe kwa zaidi ya 0.3. Chipu iko kwenye 3.3, kwa hiyo mwisho ni 3.6. Chipu ya Uno, yaani ATmega328P, inaruhusu 0.5 juu ya volti yake, kwa hiyo ikiwa kwenye 5 mwisho ni 5.5. Hizo ni namba za mpaka wa kuumia. Si namba za kufanyia kazi kila siku. Mimi napanga ESP32 isione zaidi ya 3.3 hata siku mbaya.

Upande wa chini nao una mpaka: usiingize hasi. ESP32 inavumilia mpaka hasi 0.3 tu. Ukigeuza waya wa sensa kwa bahati mbaya, chanya ukaiweka kwenye hasi, umeshauvuka.

Kuna jambo la pili kuhusu namba ambalo wengi hawalifikirii. Volti ndogo mno nayo ni tatizo, ingawa haiunguzi. Ili ESP32 ikubali kwamba pini iko "juu" inataka angalau robo tatu ya volti yake, yaani karibu 2.5. Ili ikubali iko "chini" inataka isiyozidi robo, yaani kama 0.8. Katikati hapo haikuahidi kitu, inaweza kusoma juu sasa hivi na chini sekunde inayofuata. Kwa Uno iliyo kwenye volti 5, juu ni kuanzia 3.0 na chini ni mpaka 1.5. Kwa hiyo ukisikia pampu inawaka na kuzima kama taa ya disko, kabla hujalaumu programu pima volti ya ile pini. Mara nyingi utaikuta imekaa katikati.

Pini iliyoumia husema uongo

Ingekuwa pini ikipata volti nyingi inatoa moshi, nisingeandika makala hii. Ndani ya chipu kuna ulinzi mdogo, umewekwa kwa ajili ya umeme wa sekunde ndogo sana, kama ule unaotoka kwenye kidole chako ukivua sweta. Haukuwekwa kubeba volti za ziada kwa wiki nzima. Unachoka, halafu pini inabaki imeganda upande mmoja huku bodi nzima ikiendelea kufanya kazi. Waifai inashika, taa inawaka, taarifa zinakuja kwenye simu.

Ya kijana wetu iliganda juu. Programu ikawa inasubiri mwangwi uanze na kuisha. Hauishi. Muda wa kusubiri ukipita, ile amri ya kupima mwangwi inarudisha sifuri. Sifuri ya muda ni sifuri ya umbali, na umbali sifuri kutoka kwenye mfuniko maana yake maji yamefika juu kabisa. Asilimia 100. Usiwashe pampu. Kila hatua ya hesabu ilikuwa sahihi.

Kujua kama pini imeumia ni rahisi. Toa waya wa sensa. Chukua rezista ya kilo-ohm 1, unganisha pini na GND kupitia hiyo, bodi inatakiwa isome 0. Kisha unganisha pini na 3V3 kupitia rezista hiyohiyo, isome 1. Ikikataa mojawapo, pini hiyo imekwisha. Hamia nyingine, weka alama ya rangi kwenye iliyokufa ili usiirudie, na usiiamini sana hiyo bodi kwa kazi ya maana.

Tiba ya volti 5: rezista mbili

Dawa ya ECHO ni kigawa volti. Rezista mbili kwa mstari: ya kilo-ohm 2.2 inatoka kwenye waya wa ECHO, inakutana na ya kilo-ohm 3.3 inayokwenda GND. Pale zinapokutana ndipo unapochukua waya wa kwenda kwenye pini. Hesabu: volti inayotoka ni volti inayoingia, mara rezista ya chini, gawa kwa jumla ya zote mbili. 5 mara 3.3 gawa kwa 5.5 ni 3.0. Iko juu ya 2.5, kwa hiyo inasomeka, na iko chini ya 3.3, kwa hiyo haiumizi. Ya 2.2 ina mistari mitatu ya rangi nyekundu kisha wa dhahabu. Ya 3.3 ni chungwa, chungwa, nyekundu, dhahabu. Zote mbili pamoja hazifiki bei ya soda.

Kabla ya kugusa pini, pima. Hapa pana mtego. Ukiweka multimita kwenye ECHO sensa ikiwa inafanya kazi, utaona namba ndogo, pengine hata nusu volti haifiki, utasema kumbe ni salama. Si salama. Mwangwi ni mpigo mfupi sana, multimita inakupa wastani wa mpigo na ukimya. Kwa hiyo jaribu hivi: rezista ya juu iondoe kwenye ECHO, ishike kwenye volti 5 yenyewe, kisha pima pale zinapokutana. Ukiona 3.0 hivi, sawa. Ukiona 5, rezista ya chini haijashika GND. Rudia lehemu.

Nasema lehemu kwa makusudi. Ule ubao mweupe wa kuchomeka waya bila lehemu ni wa kujifunzia mezani. Kwenye mnara wa tangi, upepo wa ziwani na unyevu wa asubuhi utaulegeza kabla ya mavuno.

Betri: hapa ndipo bodi nyingi zinapokufa

Kila mtu anataka kuona betri ya sola kwenye simu. Ni vizuri. Ila betri ya "volti 12" haina volti 12. Ikiwa imejaa na imetulia ni kama 12.7, ikifika karibu 11.8 ni tupu, na inapochajiwa inapanda mpaka 14.4. Paneli yenyewe ya "volti 12" bila mzigo inatoa 21 au 22. Siku terminali ya betri ikilegea wakati wa jua kali, kuna chaja zinazoiachia volti hiyo ya paneli ipite. Ndiyo maana sipigi hesabu kwa 12. Napiga kwa 22.

Tumia kilo-ohm 56 juu na kilo-ohm 10 chini. Betri iliyojaa inatoa 12.7 mara 10 gawa kwa 66, ambayo ni 1.92. Inapochajiwa, 14.4 inakuwa 2.18. Siku mbaya ya 22 inakuwa 3.33, pini bado iko hai. Na ESP32 inasoma volti za kupanda na kushuka vizuri zaidi ikiwa haivuki kama 2.4, kwa hiyo matumizi ya kawaida yote yanaangukia mahali pazuri. Niliona mchoro mmoja unaozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp una 33 na 10. Kwa 14.4 unapata 3.35, inapita kwa shida. Kwa 22 unapata 5.1. Ufuteni.

Rezista ya 56 (kijani, bluu, chungwa) ikae upande wa betri kabisa, karibu na terminali, baada ya fyuzi. Hapo waya mrefu unaokwenda kwenye bodi hata ukikwanguliwa na jembe hauna nguvu ya kuwasha moto. Sambamba na ile ya 10 weka kapasita ndogo iliyoandikwa 104, usomaji utatulia. Tumia pini kati ya 32 na 39, kwa sababu zile nyingine za kupima volti hazisomi waifai ikiwa imewashwa. Hili peke yake limewapotezea vijana jioni nzima nzima.

Swichi ya kiboya

Wanaotumia kiboya badala ya sensa ya sauti, furahini, kazi yenu ni nyepesi. Kiboya ni mguso tu, hakina volti yake. Kosa ni kukipa volti 12 kwa sababu relei ya pampu iko kwenye 12 na waya upo hapohapo. Usifanye hivyo. Upande mmoja wa kiboya uende GND, wa pili uende kwenye pini, na kati ya pini na 3V3 weka rezista ya kilo-ohm 10. Kiboya kikifunga unasoma 0, kikifunguka unasoma 1. Pini 34 mpaka 39 hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu, kwa hiyo hiyo ya nje ni lazima.

Kama mfumo umeshafungwa na 12 haiondoki, weka optokapla, PC817 inapatikana kwa mafundi wengi wa redio. Inapitisha habari kwa mwanga badala ya waya. Upande wa 12 weka rezista ya kilo-ohm 2.2, mkondo unakuwa kama miliampia 5, inatosha. Upande wa bodi unabaki na 3.3 yake peke yake. Majibu yanageuka, juu inakuwa chini, rekebisha kwenye programu.

Jambo jingine dogo linaloua: usizime bodi ukaacha sensa inawaka kwa betri yake. Kumbuka mpaka ni volti ya chipu kuongeza 0.3. Bodi ikizimwa, volti ya chipu ni sifuri, na hata 3.3 salama kabisa ya jana leo ni nyingi mno. Swichi moja izime vyote.

Waya mrefu na radi

Wenye pampu ufukweni na tangi juu mlimani, mita 60 au 100 mbali, waya wenu ni antena. Radi za usiku juu ya ziwa hili mnazijua. Si lazima ipige shamba lako, ikipiga jirani tu waya mrefu unapata mshtuko. Rezista ya kilo-ohm 1 mbele ya kila pini inasaidia kwa mishtuko midogo. Kwa radi yenyewe hakuna rezista duniani. Mimi nashauri bodi mbili, moja kwenye pampu na moja kwenye tangi, ziongee kwa redio, waya mrefu usiwepo kabisa. Na kwenye koili ya kila relei isiyo na dayodi, weka moja ya 1N4007, mstari wake ukiangalia chanya, maana relei ikizima inarudisha teke la volti nyingi.

Kwa wenzetu wa vizimba

Wafugaji wa sato wa Ilemela, Sengerema na Ukerewe, ninyi mna haraka kuliko wa nyanya. Nyanya inakusubiri siku mbili. Oksijeni ndani ya maji hushuka zaidi karibu na alfajiri, na ikienda chini ya miligramu 3 kwa lita samaki wako hatarini wakati wewe umelala. Ikiwa sensa yenu inatoa miliampia 4 mpaka 20, pitisheni kwenye rezista ya ohm 100 kwenda GND, mtasoma 0.4 mpaka 2.0, na kati ya rezista hiyo na pini wekeni kilo-ohm 10 kama kinga. Napenda sensa za aina hii kwa sababu moja: kipimo cha chini kabisa ni 0.4. Ukisoma sifuri si kwamba oksijeni imeisha, ni kwamba waya umekatika, na unajua papo hapo.

Hilo ndilo nililomrekebishia kijana wa Magu kwenye programu, zaidi ya zile rezista. Sensa yake haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi. Kwa hiyo jibu lolote chini ya hapo, au linalozidi kina cha tangi, sasa halihesabiwi kuwa maji. Linahesabiwa kuwa hitilafu, na simu inasema "sensa mbovu". Mkibishana na fundi kuhusu nini kifanyike hapo, swali ni lipi linaumiza zaidi. Kwa nyanya tulichagua pampu iwake kwa saa, dakika 40 asubuhi na 40 mchana, na tangi lina bomba la kumwagia ziada kwenye mtaro wa migomba. Kwa samaki, hitilafu iwashe mashine ya hewa.

Nyanya zake zilitoa maua mapya, mchumo wa pili ulitoka, si kama alivyopanga. Bodi ileile bado anaitumia, pini iliyokufa ameipaka rangi ya kucha ya dada yake, nyekundu. Jumamosi hii nitakuwa pale kwake tangu saa 3 asubuhi na multimita mbili. Mwenye bodi aje nayo, na aje na sensa yake pia, tuanze kwa kupima kile inachotoa.